Pumu, Mzio wa Chakula na Dawa Zetu za Miti Shamba

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, wake kwa waume, katika mkutano wa mafundisho ya afya. Msemaji ni mwenzetu mwenye kazi ya uuguzi. Tumeichapa kwa kuwa wengi ambao hawakuwapo wameiomba.)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo linalozusha ubishi katika kila nyumba yenye mgonjwa wa pumu. Baba asema mtoto apelekwe hospitali. Bibi asema achemshiwe majani. Jirani anakuja na unga katika kipande cha gazeti, asema ndio uliomponya shemeji yake. Na mtoto mwenyewe amekaa kitako, mabega juu, anavuta pumzi kwa taabu. Wakubwa wanabishana; yeye hana hata pumzi ya kubishana. Leo basi nataka tuutazame ubishi huu kwa utulivu, tujue lipi lina nguvu na lipi halina.

Mtu aweza kuuliza: Haya yanakihusu nini Chama? Yanakihusu sana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa hao waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo, ambako maradhi hayatambuliwi mapema na dawa ni shida kupatikana. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Dawa ya kumwokoa mtu huyo iko, inajulikana, wala si siri ya mtu. Anakufa kwa sababu haikumfikia, au imemfikia naye ameambiwa aiache. Jambo la namna hiyo likiwa si la siasa, basi mimi sijui siasa ni nini.

PUMU NI NINI?

Ndani ya kifua mna vijia vya hewa, mfano wa matawi ya mti uliogeuzwa kichwa chini. Kwa mwenye pumu vijia hivyo vina uvimbe siku zote, hata siku anayojiona mzima. Likija la kumchokoza, yaani vumbi, moshi, mafua, manyoya ya paka, uchafu wa mende, baridi ya alfajiri, au hata kidonge cha aspirini kwa baadhi ya watu, hapo mambo matatu hutokea pamoja. Misuli inayozunguka vijia inabana. Uvimbe unazidi. Makohozi mazito yanaziba nafasi iliyobaki. Ndipo kifua kinapopiga mluzi.

Kwa hiyo dawa za pumu ni za namna mbili, na kila mtu hapa afadhali azijue. Ya kwanza hulegeza misuli mara moja. Hiyo ndiyo salbutamoli, pampu ya kumwokoa mtu aliyebanwa. Ya pili hupunguza uvimbe polepole, siku kwa siku. Hiyo ni pampu ya steroidi, na mgonjwa huivuta hata asipojisikia vibaya. Watu wengi wanaipenda ile ya kwanza kwa kuwa wanaona kazi yake palepale, na wanaidharau ya pili. Lakini anayetumia ile ya kwanza peke yake ni kama mtu anayefuta maji sakafuni na bati la juu linavuja. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa madaktari wa dunia juu ya pumu unasema watu wazima na vijana wasitibiwe kwa ile ya kwanza peke yake.

WALIODHARAU NA WALIOCHUKUA

Sasa nije kwenye miti shamba. Enzi za ukoloni tuliambiwa kwamba dawa za mababu zetu ni ushenzi. Hapa Tanganyika Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliandikwa na watu ambao mara nyingi hawakuona tofauti kati ya mwenye kuroga na mwenye kuchimba mizizi, na waganga wengi wa haki wakajificha. Hayo twayakumbuka. Lakini ni lazima tukumbuke na upande wa pili: hospitali zilezile zilitumia dawa za pumu zilizotoka katika mimea, na mimea hiyo ilifahamika kwanza kwa watu wa Asia na Afrika.

Wachina tangu zamani za kale walichemsha mmea uitwao ma huang kwa kifua kilichobana. Mwaka 1885 Mjapani mmoja, Nagai Nagayoshi, alitoa katika mmea huo kitu chenye nguvu, kikaitwa efedrini. Katika miaka ya 1920 Mchina K. K. Chen na mwenzake Carl Schmidt walikipima kazi yake mjini Peking, wakaitangaza, na kwa miaka mingi vidonge vya efedrini vikawa dawa ya pumu ulimwenguni kote.

Watu wa Bara Hindi walivuta moshi wa mmea wa jamii ya mnanaha, ambao wengine kwetu huuita mranaha. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa Waingereza waliuchukua, na baadaye sigara za pumu zikauzwa madukani Ulaya. Dawa ya ipratropiamu, ambayo leo hutumika hospitali mgonjwa akizidiwa, ni ya ukoo huohuo wa dawa.

Katika majani ya chai, chai hiihii ya asubuhi, Mjerumani Albrecht Kossel alipata teofilini mwaka 1888. Na Misri kuna mmea uitwao khella, ambao Wamisri walitumia mbegu zake tangu kale. Daktari Roger Altounyan, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, alifanya kazi Uingereza juu ya michanganyiko iliyotokana na elimu ya mmea huo. Alikuwa akijichokoza pumu kwa makusudi, kisha anajaribu dawa juu ya kifua chake mwenyewe, na mwaka 1965 ikapatikana dawa ya kromoglikati.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mti shamba hauna dawa, mwambie hajui historia ya dawa zake mwenyewe.

KIPIMO NDIYO TOFAUTI

Lakini ngojeni kwanza, msipige makofi mapema. Katika habari zote hizo nne kuna jambo moja linalorudi. Kila mmea ulipimwa. Walitafuta ndani yake ni kitu gani hasa kinachofanya kazi, ni kiasi gani kinachotosha, na ni kiasi gani kinachoua. Walipojua hayo, mara nyingi waliliacha jani lenyewe.

Chukueni mnanaha. Jani la mmea mmoja laweza kuwa na sumu nyingi kuliko la mmea wa pili ulioota hatua tatu pembeni. Mwenye kuzidisha hukauka kinywa, macho hayaoni vizuri, moyo unakwenda mbio, anaweweseka kama mwenda wazimu, na aweza kufa. Hata ma huang, ambayo ilisaidia watu wengi, ilipouzwa Marekani kama dawa ya kupunguza unene na kuongeza nguvu, iliwaletea watu maradhi ya moyo na kiharusi, na mwaka 2004 serikali ya huko ikapiga marufuku kuiuza kwa namna hiyo. Mti ni uleule. Kilichokosekana ni kipimo.

Mkulima aliyezaliwa na jembe mkononi hapandi mbegu bila kujua mvua. Fundi seremala hakati ubao bila kupima. Kwa nini basi pumzi ya mtoto iwe ndiyo kitu pekee tunachokikisia?

DAWA TULIZO NAZO NYUMBANI

Mtataka kujua juu ya dawa zile mnazozitumia. Nitazitaja moja moja, na sitamficha mtu kitu.

Mziwaziwa, yale majani madogo ya kando ya njia yenye utomvu mweupe, hutumiwa kwa pumu Afrika na Asia, hata Waingereza waliupa mmea huo jina la pumu. Hilo ni dalili njema, yafaa wataalamu wetu waufuate. Lakini mpaka leo hakuna kipimo kilichothibitishwa cha kumpa mgonjwa, na hakuna daktari wala mganga awezaye kukuambia kwa hakika majani mangapi yatafungua kifua kilichoziba usiku wa manane.

Tangawizi katika maabara imeonyesha kulegeza misuli ya vijia vya hewa. Kuinywa katika chai si vibaya. Chai na kahawa zenyewe, kwa ile kafeini iliyomo, huvifungua vijia kidogo kwa muda wa hadi saa nne. Kidogo, nasema. Haitoshi kumwokoa mtu aliyebanwa.

Habasoda imejaribiwa kwa wagonjwa wachache wachache, na baadhi ya majaribio hayo yametia moyo. Lakini wagonjwa hao walikuwa wakiendelea na dawa zao za kawaida. Anayeichukua habari hiyo akaitupa pampu yake ameisoma nusu.

Asali husaidia kikohozi cha mafua kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Aliye chini ya mwaka asipewe kabisa, maana yaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu inayolegeza mwili wa kichanga. Na pumu asali haiitibu. Kile chakula cha malkia wa nyuki, ambacho huuzwa ghali kama dawa ya kila kitu, kilisababisha vifo vya watu wenye pumu huko Australia katika miaka ya 1990.

Mafuta ya mwarobaini msiwanyweshe watoto. Kuna vichanga waliopewa kidogo tu wakapatwa na degedege, wengine wakafa. Mwarobaini una sifa zake, lakini sifa hizo haziondoi hatari hiyo.

Kupiga nyungu, yaani kujifukiza chini ya blanketi, hakujathibitika kuwa dawa ya pumu. Kila mwuguzi amewahi kuona mtoto aliyeungua kwa sufuria ya maji ya moto, na harufu kali ya mkaratusi huwachokoza baadhi ya wagonjwa. Vilevile, kina mama wa pwani mnisamehe, chetezo cha udi na ubani katika chumba cha mwenye pumu ni adui aliyevaa nguo za sherehe. Moshi ni moshi, hata ukinukia.

Yapo pia mazoezi ya kupumua. Daktari Konstantin Buteyko wa Urusi aliyaanzisha namna moja katika miaka ya 1950, ya kupumua polepole na kwa pua. Wagonjwa wengi waliofundishwa mazoezi hayo hujisikia vizuri zaidi na huihitaji pampu ya haraka mara chache zaidi, ingawa mapafu yenyewe yakipimwa hayaonekani kubadilika sana. Hayagharimu senti. Mgonjwa na ayafanye, pamoja na dawa zake.

JIHADHARINI NA UNGA WA AJABU

Kuna unga mmoja unaouzwa stendi na sokoni. Hauna jina wala anwani ya aliyeutengeneza. Mgonjwa akiulamba, siku ya pili kifua kimefunguka kabisa, anakula vizuri, ananenepa. Watu wanasema: Tazama nguvu za miti shamba!

Ndugu zangu, wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuta mara nyingi kwamba unga wa namna hiyo umechanganywa kwa siri na steroidi za kiwandani, kama deksamethasoni au prednisoloni. Kwa hiyo aliyeponya si mti. Ni kidonge kilekile cha hospitali kilichosagwa na kufichwa. Na ubaya wake ni huu. Daktari akikupa kidonge hicho anajua amekupa kiasi gani na kwa siku ngapi. Wewe hujui. Uso unavimba na kuwa mviringo kama mwezi, sukari na shinikizo la damu vinapanda, mifupa inadhoofika. Na siku unga ukikwisha ghafula, mwili uliozoea kuletewa unashindwa kujitengenezea wenyewe, na mtu aweza kuanguka. Huyo muuzaji hamheshimu mganga wa kienyeji wala daktari. Anawaibia wote wawili, kisha anakuibia na wewe.

MAJI YA NGARAMBE NA KIKOMBE CHA SAMUNGE

Nataka niseme neno moja gumu, nalo nalisema kwa heshima. Mwaka 1905 wazee wetu wa kusini walisimama dhidi ya Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya dawa, na maji yale yakafanya kazi kubwa ambayo hakuna aliyeifanya kabla yake: yaliyaunganisha makabila yaliyokuwa hayajuani, yakawa kitu kimoja. Kwa hilo tunamheshimu mpaka leo. Lakini maji yale hayakuzigeuza risasi. Waliokufa walikufa kweli. Dawa yaweza kuunganisha watu, yaweza kutia moyo, yaweza kuleta matumaini, na bado isifanye lile moja iliyosemwa itafanya.

Mwaka 2011 tuliyaona mengine. Maelfu kwa maelfu ya watu, kutoka kwetu na nchi jirani, walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kilichotengenezwa kwa mizizi ya mti uitwao mugariga. Bei ilikuwa shilingi 500. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, na sina nia ya kumdhihaki; fedha hiyo haikuwa bei ya mlanguzi. Lakini wapo wagonjwa waliofia njiani na katika foleni, na wapo walioziacha dawa zao za kila siku.

Tusiwacheke waliokwenda. Tujiulize kwa nini walikwenda. Mtu mwenye maradhi sugu, aliyechoka kuambiwa dawa zimekwisha, njoo wiki ijayo, akisikia kuna kikombe kimoja cha shilingi 500 kinachomaliza kila kitu, atakwenda. Njia ya kumzuia ni kuhakikisha kwamba dawa yake haiishi katika zahanati.

MZIO WA CHAKULA

Sasa juu ya chakula. Mzio, ambao vijana huuita aleji, ni askari wa mwili anayempiga mgeni asiye na hatia. Mtu anakula yai, karanga, korosho, ufuta, kamba, samaki, maziwa, ngano au soya. Chakula ni kizuri, lakini mwili wake unakiona adui. Kwa kawaida katika muda mfupi anatokwa na mabaka yanayowasha, midomo inavimba, anatapika. Ikizidi, koo linaziba, kifua kinabana, shinikizo la damu linashuka, anazimia. Mwenye mzio ambaye pia ana pumu isiyotulizwa yuko katika hatari kubwa kuliko mwingine.

Lakini si kila taabu ya chakula ni mzio, na hapa watu wengi hupotea. Anayeumwa tumbo na kuharisha kwa kunywa maziwa, mara nyingi ni kwamba tumbo lake haliwezi kuvunja sukari ya maziwa. Jambo hilo ni la kawaida kwa Waafrika wengi wakubwa, nalo haliui. Na watu wa pwani wanajua habari ya jodari. Jodari akikaa juani bila barafu, vijidudu hutengeneza katika nyama yake kitu kiitwacho histamini, ambacho hakiondoki hata ukimpika saa nzima. Watakaomla uso unakuwa mwekundu au wa moto, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Wakiugua watu wanne katika sinia moja, kosa ni la samaki aliyekaa juani. Akiugua mmoja tu, na kila alapo samaki huyo hata akiwa mbichi wa asubuhi, hapo fikirini mzio.

Je, miti shamba inatibu mzio wa chakula? Jambo hili limejaribiwa kwa uaminifu mkubwa. Daktari Xiu-Min Li, katika hospitali ya Mount Sinai mjini New York, alichukua mchanganyiko wa kale wa Kichina, akauunda upya kwa mimea tisa. Panya waliopewa dawa hiyo walikingwa wasidhurike na karanga. Watu wakafurahi. Kisha wakapewa wagonjwa. Watu 68 waliingia katika jaribio la miezi sita, wengine wakipewa dawa yenyewe na wengine dawa ya bandia isiyo na kitu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: dawa haikuwadhuru, lakini haikuwapa kinga kupita ile ya bandia.

Mimi nawasifu watu hao. Hawakuyaficha majibu kwa kuwa hayakuwapendeza. Na tunajifunza kwamba kilichomfaa panya si lazima kimfae mtu, na kilichoandikwa na wahenga ni swali zuri la kuanzia, lakini bado ni swali.

Mwaka huohuo 2015 ilitoka habari nyingine, na dawa yake haikuwa jani wala kidonge. Watafiti wa London wakiongozwa na Gideon Lack walikuwa wameona kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga kiasi cha mara kumi kuliko watoto wa Kiyahudi wa Israel, ambao hulishwa karanga tangu utotoni. Wakachukua watoto 640 wa miezi minne hadi kumi na mmoja, wenye dalili za kuelekea kwenye mzio. Nusu waliepushwa na karanga, nusu walilishwa. Walipofika miaka mitano, katika kila mia ya walioepushwa, kumi na saba walikuwa na mzio wa karanga. Katika kila mia ya waliolishwa, watatu tu. Kumbe ile tahadhari ya kumficha mtoto chakula ndiyo iliyokuwa ikileta maradhi! Na mama zetu wanaotia karanga iliyosagwa katika uji walikuwa na jambo. Ila mtoto mdogo asipewe karanga nzima, itamkaba. Na mwenye ukurutu mkali au aliyewahi kudhurika na chakula aonwe kwanza na daktari.

Mzio ukimshika mtu vikali, dawa ni moja: adrenalini, sindano ya msuli wa paja kwa nje, upesi. Vidonge vya kuzuia kuwasha haviwezi kuchukua nafasi yake. Maziwa, mkaa wa kusaga, kumtapisha, majani ya kutafuna, yote hayo yanapoteza dakika alizobakiwa nazo. Mlazeni, miguu juu, akishindwa kupumua mketisheni, msimsimamishe wala kumtembeza, mpelekeni.

TUFANYE NINI?

Ndugu Mwenyekiti, hotuba isiyo na kazi ya kufanya ni kelele. Nina mambo matano.

Kwanza, tusafishe. Jiko la kuni na mkaa likae penye hewa. Asivute mtu sigara ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Magodoro yaanikwe, mende wauawe, chetezo kikae nje. Haya hayahitaji mganga wala daktari.

Pili, mwenye kutumia dawa ya mti shamba asiwafiche wauguzi, na sisi wauguzi tusimtukane. Mgonjwa anayeogopa kutukanwa husema uongo, na uongo huo waweza kumwua. Wala asiache pampu yake bila shauri la daktari.

Tatu, kila nyumba ijue dalili za hatari. Akishindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, mbavu zikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi, au pampu isipoleta nafuu, hapo hakuna tena mjadala wa bibi na baba. Mkalisheni wima, mpeni pampu ya salbutamoli mivuto minne hadi kumi, mmoja mmoja, na safari ya hospitali ianze. Akiwa bado taabani, arudiwe baada ya dakika ishirini.

Nne, tutengeneze vyetu. Mtoto hawezi kuvuta pampu vizuri peke yake. Dawa huishia ulimini. Chombo cha kumsaidia huuzwa ghali. Lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake huko Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri kusiwe na mwanya, ilifanya kazi sawa na kile cha dukani kwa watoto waliobanwa. Chupa tunayoitupa mtaroni! Hiyo ni sayansi ya Afrika, imepimwa, na ni ya bure. Naomba vijana wa tawi waje wafundishwe na wauguzi namna ya kuitengeneza.

Tano, tudai. Salbutamoli, pampu ya steroidi na adrenalini zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kila mjumbe wetu katika kamati ya zahanati aulize kila mwezi: Zipo? Ngapi? Zikikosekana, kwa nini? Na tudai pia kwamba miti yetu ipimwe. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na kimekuwa taasisi kamili tangu 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002. Kila tarehe 31 Agosti ni Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika. Siku hiyo isiwe ya ngoma na maonyesho peke yake. Mganga wa haki na aulete mti wake upimwe, jina lake liandikwe na haki yake ilindwe, asije akanyang'anywa elimu yake kama walivyonyang'anywa wengine. Na anayekataa kupimwa, huku anatangaza kwamba anaponya maradhi arobaini, tumwulize anaogopa nini.

Ndugu zangu, kuheshimu urithi wa wazee hakuna maana ya kukubali kila kisemwacho kwa jina lao. Wazee wenyewe walikuwa wajaribu. Waliyaonja majani, wakayaacha yaliyodhuru, wakayashika yaliyofaa. Kazi hiyo hawakuimaliza, wametuachia. Na huku tunaifanya, mtoto aliyebanwa usiku wa leo apewe kile ambacho tayari tunajua kitamfungulia kifua.